Nani ameuliza swali? Namna Umoja wa Ulaya unavyogharimia utafiti

Tarehe 16 Julai 2025 Kamisheni ya Ulaya mjini Brussels ilipendekeza kwamba yuro bilioni 175 zitengwe kwa ajili ya utafiti na ubunifu kati ya mwaka 2028 na 2034. Habari za namna hii zinapopita kwenye makundi ya WhatsApp ya wahadhiri, wanafunzi na vijana wenye kampuni changa, kila anayezipokea huzisoma kwa miwani yake. Mmoja huona nafasi za masomo, mwingine huona msaada kwa nchi zinazoendelea, na wa tatu huona shindano ambalo mtu hujaza fomu kisha akasubiri bahati. Wote watatu wamekosea, ingawa kila mmoja ameshika ncha ya jambo lenyewe.

Kwa maoni yangu mkanganyiko huu umeletwa na jina. Mtu akisikia Horizon Europe, jina la programu ya utafiti na ubunifu ya Umoja wa Ulaya, hudhani ni mfuko mmoja wenye mlango mmoja, wakati ukweli ni kwamba ni jengo kubwa lenye milango mingi, na kila mlango una bawabu wake na masharti yake. Njia nyepesi ya kuitofautisha milango hiyo ni kuacha kwanza hesabu za mabilioni na kujiuliza jambo moja: katika mlango huu, nani anauliza swali linalotafutiwa jibu? Pengine ni mtafiti mwenyewe, pengine ni Kamisheni, na pengine ni soko. Ukishalijua hilo, masharti mengine yote yanaanza kueleweka.

Tuanze na maneno. Ruzuku ni fedha ambazo mtoaji hatarajii kurudishiwa, lakini mpokeaji amefungwa kwa mkataba azitumie kwa kazi aliyoahidi peke yake. Hivyo haifanani na mkopo wala na sadaka. Mwito ni tangazo rasmi linaloeleza kazi inayotakiwa, kiasi kilichotengwa na siku ya mwisho ya kupokea maombi. Andiko la mradi ni hati ambamo waombaji wanaeleza watakachofanya, watakavyokifanya na gharama yake. Mbia ni taasisi inayotia saini pamoja na nyingine katika mradi mmoja. Programu kuu, ambayo ndiyo mada yetu, ni mpango wa miaka mingi unaokusanya miito yote ya utafiti ya Umoja wa Ulaya chini ya sheria moja na bajeti moja. Mkataba wa Umoja wenyewe, katika kifungu cha 182, unaagiza kwamba mpango wa aina hiyo uwepo.

Programu ya kwanza ilianza mwaka 1984. Wakati huo viwanda vya elektroniki vya Ulaya vilikuwa vinaachwa nyuma na vya Marekani na Japani, na Kamishna Étienne Davignon wa Ubelgiji aliwakutanisha wakuu wa kampuni kubwa kumi na mbili ili wafanye utafiti kwa pamoja badala ya kila mmoja kugharimia peke yake kile ambacho jirani yake tayari anakifanya. Tangu hapo programu zimefuatana kwa namba. Ya saba ilimalizika mwaka 2013; ya nane ilipewa jina la Horizon 2020 na ilikuwa na karibu yuro bilioni 80; ya tisa, Horizon Europe, inaendelea hadi mwaka 2027. Ya kumi ndiyo hiyo iliyopendekezwa Julai 2025, nayo inakusudiwa kubaki na jina lile lile, jambo ambalo halitawasaidia waliokwisha kuchanganyikiwa.

Fedha hizi zinatoka wapi? Zinatoka katika bajeti ya pamoja ya Umoja wa Ulaya, ambayo sehemu yake kubwa ni michango ya nchi wanachama inayopimwa kwa ukubwa wa uchumi wa kila nchi. Mfano ulio karibu nasi ni mchango wa harusi: kila mwanakamati hutoa kwa uwezo wake, na mhasibu hukusanya. Mfano huo hata hivyo unafika mahali unakatika, kwa sababu kwenye harusi aliyechanga hupewa kadi na sahani yake haikosi, ilhali katika programu hii nchi iliyochanga haina sahani iliyowekewa jina. Fedha huenda kwa maandiko yaliyoshinda, popote yalikotoka. Matokeo yake ni kwamba Ujerumani, Ufaransa, Uhispania, Uholanzi na Italia hupokea kiasi kikubwa, huku nchi nyingi zilizojiunga na Umoja tangu mwaka 2004 zikilalamika kwamba zinagharimia maabara za wenzao. Kwa ajili ya malalamiko hayo Horizon Europe imetenga takribani yuro bilioni 3.4 za kuzijengea uwezo nchi ambazo ushiriki wake bado ni mdogo, na kwa kuimarisha mifumo ya utafiti kwa jumla.

Ni vema pia kukumbuka kwamba Brussels haiugharimii utafiti wote wa Ulaya, wala hata nusu yake. Sehemu kubwa ya fedha za umma za utafiti bado hutolewa na serikali za nchi zenyewe kupitia mashirika yao, kama DFG lenye makao yake Bonn au ANR la Ufaransa, na nje ya Umoja, UKRI la Uingereza. Mwaka 2002 viongozi waliokutana Barcelona walijiwekea lengo la kufikisha matumizi ya utafiti, ya umma na ya binafsi kwa pamoja, katika asilimia 3 ya pato la taifa. Zaidi ya miaka ishirini baadaye Umoja kwa jumla wake bado unazunguka kwenye asilimia 2.2 hivi.

Sasa turudi kwenye bilioni 175, kwani hapa ndipo vichwa vya habari vinapowapotosha wengi. Kiasi hicho ni pendekezo. Ili kiwe sheria, bajeti nzima ya miaka saba lazima ikubaliwe na serikali zote za nchi wanachama bila hata moja kupinga, kisha Bunge la Ulaya litoe ridhaa yake. Horizon Europe yenyewe ilipopendekezwa mwaka 2018 ilitajwa kuwa ya takribani bilioni 100. Wakuu wa nchi walipokutana Julai 2020, katikati ya janga la korona, waliikata. Novemba mwaka huo Bunge likafanikiwa kurudisha bilioni 4. Na mwisho wa yote ikawa bilioni 95.5. Haikuishia hapo, kwa sababu mwanzoni mwa mwaka 2024, bajeti ilipofanyiwa marekebisho, bilioni 2.1 nyingine ziliondolewa. Anayeandika leo kwamba Ulaya “imetoa” bilioni 175 anahesabu vifaranga ambavyo mayai yake bado hayajaatamiwa.

Kuna mtego mwingine katika tarakimu hizo. Utakuta makala moja inasema Horizon Europe ni bilioni 95.5 na nyingine inasema ni bilioni 84.9, na zote mbili ziko sahihi. Ya pili imehesabiwa kwa bei za mwaka 2018, na ya kwanza imehesabiwa kwa bei za miaka ambamo fedha zinatumika. Ni kama mzazi anayesema atahitaji kiasi fulani cha ada kwa miaka saba ijayo: jumla itategemea kama amechukua ada ya mwaka huu na kuizidisha kwa saba, au ameongeza kila mwaka kile anachojua kwamba shule itapandisha. Kwa hiyo anayelinganisha bilioni 175 na 95.5 na kutangaza kwamba bajeti imekaribia mara mbili anapaswa kukumbuka kwamba kupanda kwa bei kumekwisha kula sehemu ya ongezeko hilo.

Tuingie sasa milangoni.

Mlango wa kwanza ni ule ambao mtafiti ndiye anayeuliza swali. Bawabu wake mkuu ni Baraza la Utafiti la Ulaya, lililoanzishwa mwaka 2007 na ambalo katika awamu hii limetengewa yuro bilioni 16. Baraza hili halitangazi mada. Halisemi linataka chanjo, betri au historia ya biashara ya chumvi. Linasubiri mtafiti aje na wazo lake na linapima jambo moja tu, yaani ubora wa kisayansi wa wazo hilo na wa mwenye kulileta. Hakuna sharti la kutafuta wabia katika ruzuku zake za kawaida. Anayeanza kujitegemea katika utafiti anaweza kupata hadi yuro milioni 1.5 kwa miaka mitano, aliyekwisha kusimama milioni 2, na mkongwe milioni 2.5, nazo timu ndogo za watafiti wawili hadi wanne zinaweza kuomba kwa pamoja hadi milioni 10 kwa miaka sita.

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba uraia si kigezo hapa. Mtanzania, Mkongo au Mmarekani anaweza kuomba, ilimradi kazi ifanyikie katika taasisi iliyomo ndani ya nchi mwanachama au nchi shirikishi. Nchi shirikishi ni ile isiyo mwanachama wa Umoja lakini imetia saini makubaliano na kulipa ili taasisi zake zishindane kama za wanachama. Norwei, Uturuki, Israeli na Tunisia zimo. Ushirikishwaji huu una siasa zake. Uswisi, yenye vyuo vinavyohesabiwa miongoni mwa bora duniani, iliwekwa kando mwaka 2021 baada ya mazungumzo yake mapana na Umoja kuvunjika, na ikarejea mwaka 2025. Uingereza ilikaa nje miaka mitatu kwa mvutano uliohusu Ireland Kaskazini, ikarudi tarehe 1 Januari 2024. Hakuna mtafiti wa Zürich au Edinburgh aliyekuwa amekosea chochote, lakini ndovu wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi.

Wapo wanaouliza kwa nini serikali igharimie udadisi wa mtu mmoja bila kumwambia cha kutafuta. Jibu la kawaida la watetezi wa mlango huu ni Uğur Şahin, daktari wa Mainz na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya BioNTech, ambaye alipewa ruzuku ya Baraza hili kwa kazi ya kutengeneza tiba ya saratani inayomlenga kila mgonjwa kwa namna yake. Fedha zilikuwa za saratani. Korona haikuwa imesikika. Maarifa ya kuufundisha mwili kwa kutumia mRNA (molekuli inayozipelekea seli maagizo ya kutengeneza protini), ambayo watu wengi walikuwa wakiyasomea kwa miongo kadhaa, yaligeuzwa kuwa chanjo mwaka 2020. Kwa haki yote, ni lazima iongezwe kwamba kwa kila kisa kama hicho ipo miradi mingi iliyozaa makala chache za kisayansi na basi, na hilo nalo limekubaliwa tangu mwanzo kuwa ni sehemu ya gharama.

Kwenye ujia huo huo kuna mlango wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, wenye bilioni 6.6, unaogharimia kuhama kwa watafiti kutoka nchi moja kwenda nyingine. Huu ndio unaochanganywa na nafasi za masomo, na kosa hilo linaeleweka, kwa kuwa vijana wanaofanya shahada ya uzamivu wamo ndani yake. Tofauti ni kwamba wao ni waajiriwa. Chuo au taasisi huwatangazia kazi, huwafanyia usaili, huwapa mkataba wa ajira, huwalipa mshahara na huwakata kodi. Kijana hapeleki andiko lake Brussels. Anaomba kazi kwa mtandao wa vyuo ambao wenyewe ulikwisha kushinda mwito. Sharti linalowaangusha wengi ni la makazi: kwa kawaida mwombaji asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi anayoombea kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Anayekwenda Berlin mapema “ili awe karibu na fursa” anaweza kuwa amejifungia mlango mwenyewe. Ufadhili wa shahada ya uzamili unaotafutwa na wengi, Erasmus Mundus, uko chini ya Erasmus+, programu nyingine kabisa yenye bajeti yake ya takribani bilioni 26, na haina uhusiano na mabilioni tunayoyazungumzia hapa.

Mlango wa pili ndio mkubwa kuliko yote, na hapo Kamisheni ndiyo inayouliza. Zaidi ya nusu ya Horizon Europe, kama bilioni 53.5, imepangwa katika mafungu sita: afya; utamaduni na jamii jumuishi; usalama wa raia; digitali, viwanda na anga za juu; hali ya hewa, nishati na uchukuzi; na chakula, kilimo na mazingira. Kamisheni, ikisaidiwa na kamati za wataalamu wa nchi wanachama, huandika mpango wa kazi ambao ndani yake kila mwito umeelezwa kwa kina: tunataka njia ya kurejeleza betri za magari yenye kutimiza haya na haya, tumetenga kiasi hiki, tunatarajia kugharimia miradi miwili. Anayeomba hapa anafanana na mkandarasi anayesoma zabuni. Wazo lako linaweza kuwa zuri kuliko yote yaliyofika mezani, lakini kama halijibu kilichoulizwa, litaanguka. Ni dhahiri basi kwa nini makampuni makubwa na vyama vya viwanda vinakaa Brussels mwaka mzima: wanaojua mchezo hawaanzi kazi siku mwito unapotangazwa, wanaanza pale swali linapotungwa.

Sharti la msingi la mlango huu ni ubia. Kwa kawaida zinahitajika angalau taasisi tatu zinazojitegemea, kutoka nchi tatu tofauti, zote za wanachama au nchi shirikishi, na mojawapo lazima itoke ndani ya Umoja wenyewe. Kiuhalisia miradi huwa na wabia wengi zaidi ya hapo: chuo kinacholeta nadharia, kampuni inayoleta mitambo, manispaa inayotoa mahali pa kujaribia, na kampuni ndogo ya ushauri inayoandika taarifa. Nia ni kwamba maarifa yavuke mipaka. Nasema nia, kwa sababu baadhi ya ubia huo hufungwa wiki tatu kabla ya siku ya mwisho na hufanana zaidi na ndoa ya mkeka kuliko na ushirikiano wa kisayansi, na wapimaji wazoefu huziona ndoa hizo kuanzia ukurasa wa pili.

Mlango wa tatu, wenye bilioni 13.6, unawahusu wale ambao swali lao ni kama kuna mtu atakayenunua. Mtaalamu akishathibitisha kwamba kifaa chake kinafanya kazi maabara, bado kuna safari ndefu na ya gharama hadi kiuzwe dukani, na benki haipendi kusafiri naye. Baraza la Ubunifu la Ulaya, lililoanza kazi kwa ukamilifu mwaka 2021, limewekwa kwa ajili ya kipande hicho cha njia. Kampuni changa inaweza kupata ruzuku ya hadi yuro milioni 2.5, na juu yake mtaji ambao Umoja hutoa kwa kununua hisa. Sehemu hii ya pili husahaulika katika mazungumzo: kampuni ikichukua mtaji huo, fedha za umma zimekuwa mwenye hisa ndani yake, na mwenye hisa hukaa mezani faida inapogawanywa.

Andiko likishapelekwa, halisomwi na wanasiasa. Husomwa na wataalamu wa nje, ambao kwa kawaida si chini ya watatu kwa kila andiko, wanaolipwa kwa kazi hiyo na waliotia saini kwamba hawana maslahi na waombaji. Katika mlango wa pili hupima mambo matatu: ubora wa wazo, manufaa yatakayopatikana, na uwezo wa kuitekeleza kazi. Kila jambo lina alama 5, jumla 15. Kwa kawaida andiko lisilofikisha 3 katika kila jambo na 10 kwa jumla haliendelei. Lakini kufikisha 10 si kushinda, sawa na mtahiniwa aliyefaulu mtihani wa darasa la saba halafu akakuta nafasi za shule aliyoitaka zimejazwa na waliomzidi. Waombaji hupewa jibu ndani ya miezi mitano, na mkataba hutiwa saini ndani ya mitatu mingine.

Ushindani wenyewe ni mkali. Wakati wa Horizon 2020 lilipita takribani andiko moja kati ya manane, na katika miaka ya mwanzo ya Horizon Europe kiasi cha moja kati ya sita. Maandiko mengi yaliyohukumiwa kuwa mazuri yalikosa fedha kwa sababu tu sufuria ilikuwa imekauka. Ukizingatia kwamba andiko moja la mlango wa pili lina kurasa arobaini hivi na huwachukua watu kadhaa miezi kadhaa, utaona kwamba Ulaya inapoteza muda mwingi sana wa wataalamu wake katika kuandika mambo ambayo hayatafanyika. Hili, kwa maoni yangu, ni doa kubwa la mfumo kuliko urasimu unaolalamikiwa kila siku.

Urasimu huo nao una historia yake, na fundi ujenzi anaweza kutusaidia kuuelewa. Kuna namna mbili za kumlipa fundi. Unaweza kumlipa kwa kutwa na kudai risiti ya kila mfuko wa saruji, au mnaweza kupatana bei ya kazi nzima na ukamlipa kila hatua inapokamilika: msingi, ukuta, paa. Kwa miaka mingi Brussels ilifuata njia ya kwanza. Mtafiti alijaza karatasi za saa alizofanya kazi, na Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu ya Ulaya iliyoko Luxembourg iliripoti mwaka hadi mwaka kwamba makosa mengi yamo katika hesabu za mishahara. Wasomaji wa magazeti walisikia “makosa” wakaelewa “wizi”, ilhali mara nyingi ni mhasibu aliyegawanya mshahara kwa idadi ya siku isiyostahili. Wizi wa kweli upo pia na una chombo chake cha kuuchunguza, lakini ni suala jingine. Sasa Kamisheni inahamia kwa kasi kwenye njia ya pili, ya kupatana kazi nzima. Wakosoaji wanauliza, na wana haki ya kuuliza, nini kitatokea utafiti ukifanywa kwa uaminifu na jibu likawa “haiwezekani”. Kwa mujibu wa kanuni, kinacholipiwa ni kazi iliyofanywa na si kufaulu kwa jaribio.

Ruzuku yenyewe haimwachii mtu faida. Katika miradi ya utafiti hugharimiwa asilimia 100 ya matumizi halali. Katika miradi iliyokaribia soko kampuni za biashara hulipwa asilimia 70 na kujazia zilizobaki. Juu ya gharama za moja kwa moja huongezwa asilimia 25 kwa ajili ya umeme, pango, walinzi na mengine ambayo hayawezi kugawanywa mradi kwa mradi. Watu huiona asilimia hiyo wakadhani ni bakshishi. Mkuu wa maabara atakwambia kwamba mara nyingi haitoshi.

Kuna dhana nyingine ya kusahihisha, nayo ni ya silaha. Horizon Europe kimsingi imekusudiwa kwa kazi za kiraia. Utafiti wa kijeshi una mfuko wake, Mfuko wa Ulinzi wa Ulaya, wenye takribani bilioni 8 kwa kipindi hiki. Mstari huo umeanza kufifia, kwa sababu kwa programu ijayo Kamisheni imependekeza kuruhusu kazi zinazoweza kutumika kiraia na kijeshi pia, na vyuo vingi vya Ulaya havijaafikiana juu ya hilo.

Na je, sisi tumo? Tumo, kwa masharti. Taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati zinaruhusiwa kupokea fedha za Horizon Europe bila nchi yao kulipa kiingilio, isipokuwa mataifa makubwa kama China, India na Brazil ambayo kwa kawaida hutakiwa kuja na fedha zao. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zote zimo katika orodha inayoruhusiwa. Hata hivyo taasisi ya Morogoro au Kisangani haihesabiwi katika zile tatu za msingi; huingia juu ya hizo, kama mbia wa nne au wa tano, isipokuwa pale mwito unapotaka Afrika kwa jina. Kujiandikisha kwenye mtandao wa Kamisheni na kuwasilisha maombi ni bure. Wapo washauri halali wanaolipwa kusaidia kuandika, lakini anayedai ada ya “kufungua faili Brussels” ni tapeli.

Mahali ambapo Afrika imekaa karibu zaidi na meza ya kutunga swali ni katika ubia wa Ulaya na nchi zinazoendelea wa majaribio ya dawa, unaojulikana kwa kifupi kama EDCTP. Ulianzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya ukimwi, kifua kikuu na malaria, baadaye ukaongeza magonjwa yaliyosahauliwa. Ukurugenzi wake mkuu ulishikwa na Mtanzania, Charles Mgone, na kisha na Mganda, Michael Makanga. Mwaka 2014 uliundwa upya kama chama ambacho ndani yake nchi za Afrika, zikiwemo Tanzania na Uganda, zilikaa pamoja na za Ulaya kama wanachama.

Kati ya kazi ulizochangia ni ya kichocho. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ipo kwa miongo kadhaa, lakini kidonge chake ni kikubwa na kichungu, na watoto wasiofikia umri wa shule walikuwa wakiachwa nje ya kampeni za tiba kwa kuwa hakukuwa na dawa iliyotengenezwa kwa kipimo chao. Ubia ulioongozwa na kampuni ya Merck ya Ujerumani, ukiwa na Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI, miongoni mwa washirika wake, ulitengeneza kidonge kidogo kinachoyeyuka katika maji, kwa ajili ya watoto wa kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, na majaribio yake ya mwisho yakafanyika Kenya na Côte d'Ivoire. Desemba 2023 Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kukiunga mkono, chini ya utaratibu wake maalumu wa kupima dawa zinazokusudiwa kutumika nje ya Umoja wa Ulaya.